Dirisha la kaunta: kujenga programu ya duka kwa kuvuta na kupanga

Kabla hujafungua Lazarus, Qt Designer au zana nyingine yoyote ya kujenga madirisha kwa kuvuta na kuachia, nenda ukakae kwenye kaunta ambako programu itafanya kazi. Tuseme ni duka la vifaa vya ujenzi Tandika, Dar es Salaam: nondo, saruji, mabati, misumari, rangi, mabomba ya PVC. Angalia skrini ina ukubwa gani. Angalia Windows ni ya ngapi, na kama ni ya biti 32 au 64. Angalia karatasi ya printa ina upana wa milimita ngapi, skana ipo au haipo, na umeme ukikatika kompyuta inazimika papo hapo au kuna UPS (betri ya akiba) chini ya meza. Uliza bando la intaneti hununuliwa kila siku au mara mojamoja.

Majibu hayo ndiyo yanayochagua zana na kuamua umbo la dirisha. Ninalisisitiza hili kwa sababu madirisha mengi yanayoharibika dukani yalikuwa mazuri kabisa kwenye laptopu ya aliyeyajenga. Zana za kuvuta na kuachia zinaonyesha kila kitu mapema, na uzuri huo humfanya mtu aamini kwamba kile anachokiona ndicho mteja atakachokiona. Sivyo. Anachokiona ni dirisha lake, kwenye skrini yake, likiwa na data yake ya majaribio.

Makala hii ni ya anayejua kuandika programu kidogo na anataka kujenga programu inayokaa kwenye kompyuta yenyewe, inayouza hata mtandao ukiwa chini, na inayoongea moja kwa moja na skana na printa. Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni dirisha moja tu, la mauzo. Ukiliweza hilo, madirisha ya bidhaa, wateja na ripoti ni mteremko.

Zana ipi

Visual Basic ilipotoka mwaka 1991 ndiyo iliyoeneza mtindo huu: fomu tupu (dirisha lisilo na kitu), vijenzi pembeni (vitufe, lebo, visanduku), unavuta kitufe, unakibofya mara mbili, unaandika kitakachotokea kikibonyezwa. Delphi ya Borland ikaja 1995 na mtindo uleule juu ya lugha ya Pascal. Lazarus, mradi ulioanza 1999, unaubeba hadi leo bila malipo, na leseni ya maktaba yake ya vijenzi inakuruhusu kuuza programu yako bila kutoa msimbo.

Kwa duka la Tandika ninaichagua Lazarus, na sababu ni za kaunta. Inatoa faili moja la .exe lisilohitaji mazingira mengine ya kuliendesha. Linakimbia kwenye Windows 7 na kwenye mashine yenye RAM ya GB 2 bila kuhema. Ukisakinisha Lazarus ya biti 32, hata kama Windows yako ni ya biti 64, programu utakayoitoa itafanya kazi kwenye mashine zote mbili. Na zana yenyewe inapakuliwa kwa mamia machache tu ya megabaiti, jambo lenye uzito kwa anayelipa bando mfukoni mwake.

Qt Designer ni nzuri mno, na kwa anayejua Python ndiyo njia fupi. Unaipata kwa kusakinisha PySide6_Essentials, unaifungua kwa amri ya pyside6-designer, unahifadhi dirisha kama faili la .ui, kisha unaligeuza kwa `pyside6-uic mauzo.ui -o ui_mauzo.py`. Faili hilo linalozalishwa usiliguse kwa mkono hata mara moja, maana utakapobadilisha dirisha na kuendesha amri tena, ulichoandika kitafutika. Andika msimbo wako kwenye faili jingine linaloliita hilo. Kikwazo kikubwa ni mashine ya mteja: Qt 6 inahitaji Windows 10 au zaidi, na Python kuanzia 3.9 haikubali Windows 7. Ukikuta Windows 7 kaunta nzima, mjadala umeisha. Jambo jingine ni leseni: PySide6 iko chini ya LGPL, inayokuruhusu kwa masharti yake kuuza bila kutoa msimbo wako; PyQt6 iko chini ya GPL, inayodai utoe msimbo, au leseni ya kulipia. Chagua ukijua hilo mapema.

Windows Forms inafaa kama tayari unaishi ndani ya C# na una diski na bando la kuibeba Visual Studio. Glade, iliyotumika sana upande wa Linux, haikufika GTK 4, toleo jipya la maktaba yake ya madirisha, kwa hiyo usianze nayo mradi mpya. Scene Builder ya JavaFX ni safi lakini inakubebesha Java yote hadi kwa mteja. Nyingine nazipita.

Hesabu ya skrini

Laptopu nyingi za bei ya kawaida, na nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika Kariakoo, zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Windows mara nyingi huwekwa ukuzaji wa asilimia 125 ili maandishi yasomeke. Gawanya: 1366 kwa 1.25 ni kama 1,092, na 768 kwa 1.25 ni 614. Toa pikseli 40 za upau wa chini wa Windows na kama 30 za kichwa cha dirisha. Unabaki na nafasi ya takribani 1,090 kwa 540. Hiyo ndiyo karatasi yako. Dirisha lililojengwa kwa urefu wa 700 kwenye skrini kubwa ya ofisini litaficha vitufe vya chini, na kitufe cha kwanza kufichwa ni cha kumaliza mauzo, kwa kuwa wote tunakiweka chini.

Kwenye Lazarus, hakikisha sifa ya Scaled ya fomu ni True, na kwenye Project Options, sehemu ya Application, washa utambuzi wa DPI (msongamano wa nukta za skrini). Bila hivyo Windows italivuta dirisha zima kama picha na maandishi yatakuwa na ukungu. Kisha jaribu kwa asilimia 100, 125 na 150. Majaribio matatu hayo yanafichua makosa mengi kuliko kusoma msimbo usiku kucha.

Kupanga vijenzi kwenye dirisha

Kosa la msingi katika zana hizi zote ni kuweka kijenzi mahali kwa macho: kitufe hapa, lebo pale, hadi ionekane vizuri. Kila kimoja kinabaki na namba zake za Left na Top, na dirisha likipanuliwa au maandishi yakikua, hakuna anayemjua jirani yake. Lebo ya "Kiasi kilichobaki kulipwa" inaingia chini ya kisanduku, gridi inabaki ndogo katikati ya dirisha kubwa, nusu ya skrini inakaa tupu.

Anza na paneli kabla ya kitufe chochote. Kwenye fomu ya Lazarus yenye 1080 kwa 540, weka TPanel ya kwanza, iite pnlJuu, Align iwe alTop, Height 56. Ya pili pnlChini, alBottom, Height 64. Ya tatu pnlKulia, alRight, Width 260. Mwisho kabisa weka gridi, TDBGrid, Align iwe alClient. Mpangilio huu una maana: paneli za juu na chini zinachukua upana wote, ya kulia inachukua urefu uliobaki, na gridi inameza kilichosalia. Ondoa Caption za paneli, BevelOuter iwe bvNone, na BorderSpacing.Around ya gridi iwe 6 ili isigusane na kingo. Sasa shika kona ya fomu uivute. Gridi inakua, vingine vinakaa. Hapo ndipo vitufe vianze kuingia.

Ndani ya pnlJuu kinakaa kisanduku kimoja tu, cha kutafuta au kuskani. Ndani ya pnlKulia kuna jumla, punguzo, pesa iliyopokelewa na chenji, vikishuka kimoja chini ya kingine. Usivipange kwa macho. Weka ChildSizing.Layout ya paneli kuwa cclLeftToRightThenTopToBottom na ControlsPerLine kuwa 2: lebo na kisanduku chake vitajipanga safu kwa safu, na ukiongeza safu mpya hutasogeza chochote. Mahali ambapo kijenzi kimoja lazima kimfuate mwingine, fungua Anchor Editor kwenye menyu ya View, ufunge ukingo wa kushoto wa kisanduku kwenye ukingo wa kulia wa lebo. Lebo ikirefuka, kisanduku kinasogea chenyewe.

Kwenye Qt Designer wazo ni lilelile kwa majina mengine. Chagua vijenzi, Ctrl+1 kuvilaza mlalo, Ctrl+2 kuvisimamisha wima, Ctrl+5 kwa gridi, Ctrl+0 kuvunja. Wengi hupanga vikundi vya ndani vizuri kabisa, kisha wanasahau kulipatia dirisha lenyewe mpangilio (leiauti) wake. Dalili iko kwenye Object Inspector: alama ndogo nyekundu ya katazo pembeni ya jina la dirisha. Bofya sehemu tupu ya dirisha, kisha Ctrl+2. Alama ikiondoka, dirisha limeshikamana. Ctrl+R inakuonyesha matokeo bila kuandika msimbo wowote.

Majina yabadilishwe mapema. Button1 ikibofywa mara mbili inazaa Button1Click, na ukiwa na vitufe kumi na vinne hutajua Button9Click inafuta au inahifadhi. Ipe kila kitu jina kabla ya kubofya: btnMaliza, btnFuta, edtTafuta, lblChenji. Na ukitaka kuondoa tukio, anza kulifuta kwenye ukurasa wa Events wa Object Inspector, ndipo ufute msimbo wake. Ukifuta msimbo kwanza, faili la .lfm, linalohifadhi umbo la fomu, litabaki linatafuta kitu kisichokuwepo na fomu itakataa kufunguka kwa ujumbe usiosaidia sana.

Skana, Enter na mikono ya muuzaji

Muuzaji wa kaunta hana muda wa kipanya. Mkono mmoja uko kwenye kibodi, mwingine unahesabu noti, na wateja watatu wanasema kwa pamoja. Dirisha zuri linauza mwanzo hadi mwisho bila kipanya kuguswa, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa dirisha lolote la mauzo.

Skana ya kawaida ya USB inajifanya kibodi. Inaandika tarakimu za baakodi kwa kasi, kisha inabonyeza Enter. Hapo kwenye Enter ndipo pana mtego. Kwenye Qt, kila QPushButton iliyo ndani ya QDialog ina autoDefault ikiwa imewashwa, hivyo Enter ya skana inaweza kubonyeza kitufe. Muuzaji anaskani mfuko wa kwanza wa saruji na mauzo yanafungwa yakiwa na kitu kimoja. Zima autoDefault kwa kila kitufe cha dirisha hilo, na uisikilize ishara ya returnPressed ya kisanduku chenyewe. Kwenye Lazarus, acha sifa ya Default ya vitufe ikiwa False na ushughulikie OnKeyPress ya edtTafuta hivi:

```
if Key = #13 then
begin
  Key := #0;
  OngezaBidhaa(edtTafuta.Text);
  edtTafuta.SelectAll;
end;
```

Key ikigeuzwa #0, Enter inaishia hapo na kompyuta haitoi mlio. SelectAll inafanya baakodi inayofuata ifute iliyopita bila mtu kugusa kitu. Baada ya kila bidhaa kuongezwa, hakikisha kielekezi kimerudi edtTafuta. Kikipotelea kwenye gridi, skana itaandika tarakimu kumi na tatu ndani ya safu ya idadi, na jumla ya risiti itafikia matrilioni.

Kwa bidhaa zisizo na baakodi, na kwenye vifaa vya ujenzi ni nyingi, kisanduku hichohicho kitafute kwa jina. Usiulize hifadhidata kila herufi inapoandikwa. Weka TTimer yenye Interval ya 250, iwashwe upya kila herufi inapoingia, na utafutaji ufanyike vidole vinapotulia.

Vitufe vya mkato viwe vichache: F2 kurudi kwenye kutafuta, F8 kufuta mstari, F9 kumaliza. KeyPreview ya fomu iwe True ili fomu ivione kabla ya vijenzi. Iepuke F10, Windows huitumia kuamsha menyu. Na kwenye ujumbe wa kuuliza, kitufe kiseme kitendo. QuestionDlg ya Lazarus inakuruhusu kuandika "Futa mstari" na "Rudi" badala ya ndiyo na hapana, na muuzaji aliyechoka saa kumi na mbili jioni hatasoma swali, atasoma vitufe.

Pesa, kilo na Chang'ombe

Shilingi yetu haina senti kwenye kaunta, kwa hiyo hifadhi bei kama namba nzima. Usitumie namba zenye desimali zinazoelea, maana zikijumlishwa mara nyingi hujikuta na vipande visivyokuwepo. Lakini namba nzima nayo ina kikomo: ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Duka linalouza milioni 8 kwa siku linapita hapo kabla ya miezi tisa kuisha, na ripoti ya mwaka itatoa namba hasi. Tumia Int64 kwenye Pascal, na kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, andika aina ya safu kuwa BIGINT, kwa sababu SQLdb, maktaba ya Lazarus ya kuongea na hifadhidata, huichukulia INTEGER kama namba ya biti 32.

Kwenye Qt kuna tatizo dogo linalowapata karibu wote: QSpinBox mpya ina kikomo cha juu cha 99. Muuzaji anaandika 17000, kisanduku kinakubali 17 na kugoma, na anadhani kibodi imekufa. Weka maximum unapoivuta, siyo baadaye, na uwashe showGroupSeparator ili sifuri zihesabike kwa jicho. QDateEdit nayo iwekewe displayFormat ya dd/MM/yyyy na calendarPopup iwashwe, la sivyo itafuata mpangilio wa Windows, na ukiwa wa Kimarekani tarehe 3 Julai itasomeka 7 Machi. Ndani ya hifadhidata tarehe ikae kama 2025-07-03, ijipange yenyewe kwa alfabeti.

Idadi inahitaji fikra zaidi kuliko bei. Nondo huuzwa kwa kipande, saruji kwa mfuko, lakini misumari na waya wa kufungia nondo huuzwa kwa kilo, nusu na robo. Hifadhi idadi kwa gramu kwa bidhaa za kupima, na onyesha kilo kwenye dirisha. Misumari ya TSh 4,500 kwa kilo, gramu 350, ni 4,500 × 350 ÷ 1,000, yaani 1,575. Sarafu ndogo inayozunguka kwenye kaunta kwa kawaida ni ya 50, kwa hiyo mteja atalipa 1,550 au 1,600. Tofauti hiyo ipewe mstari wake wa kusawazisha. Ukiificha ndani ya bei, jioni droo na programu havitakubaliana na mwenye duka atamshuku kijana wake bure.

Kiwango cha kawaida cha VAT, asilimia 18 kwa Tanzania Bara na 15 kwa Zanzibar, kikae kwenye jedwali la mipangilio, kamwe kisiandikwe ndani ya msimbo. Kwa bei yenye VAT ndani yake, kodi ni bei × 18 ÷ 118: katika TSh 11,800, kodi ni 1,800. Wengi huchukua asilimia 18 ya bei nzima, na hesabu yao haitaoana na ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Karatasi inayotoka kwenye programu yako pia siyo risiti ya kodi. Iandike "Hati ya mauzo", na risiti halali itoke kwenye EFD.

Namba za simu na baakodi ni maandishi. Ukizihifadhi kama namba, sifuri ya mbele ya 07 inapotea, na baakodi ya tarakimu 13, mathalani ya bidhaa ya hapa inayoanza na 620, haiingii kwenye biti 32. Kisha kuna mteja wa Chang'ombe, wilayani Temeke. Ukiunganisha maandishi kujenga swali la SQL, alama ile ya ng' italivunja katikati, na programu itaanguka siku ya kwanza mtu wa Temeke akifungua akaunti ya mkopo. Tumia vigezo daima: `insert into wateja (jina, eneo) values (:jina, :eneo)`. Hiyohiyo ndiyo kinga dhidi ya anayejaribu kuingiza amri zake kwenye kisanduku. Kabla ya kuhifadhi, geuza pia alama iliyopinda ’ iwe ile iliyonyooka, kwa kuwa jina lililonakiliwa kutoka simu huja na iliyopinda na utafutaji hautalipata.

Ilionekana, kisha ikapotea

Lazarus inakupa vijenzi vinne vya kuunganisha gridi na SQLite: TSQLite3Connection, TSQLTransaction, TSQLQuery na TDataSource. Vinavutwa kwenye fomu na kuunganishwa kwa sifa bila msimbo, na ndani ya dakika chache bidhaa zinaonekana kwenye gridi hata kabla ya kuendesha programu. Ni raha ya kweli. Hapo pia ndipo penye makosa manne yanayojirudia.

La kwanza: unaongeza bidhaa, inaonekana kwenye gridi, unafunga programu, unafungua, haipo. Gridi ilionyesha kilicho kwenye kumbukumbu. Kukifikisha kwenye diski kunahitaji ApplyUpdates ya TSQLQuery, kisha Commit ya TSQLTransaction. Kwa dirisha la bidhaa unaweza kuwasha sqoAutoApplyUpdates na sqoKeepOpenOnCommit kwenye Options, lakini Commit bado ni yako. Kwa mauzo, andika kichwa cha mauzo, mistari yake na upunguzaji wa stoki ndani ya muamala mmoja (kundi la mabadiliko linaloingia lote au lisiingie kabisa), kisha Commit moja. Umeme ukikatika katikati, SQLite itarudisha hali ya kabla ya mauzo hayo, na hutapata stoki iliyopungua bila mauzo. Jaribu kwa makusudi: uue mchakato kwa Task Manager katikati ya mauzo, ufungue tena, uhesabu.

La pili: safu ya jina inaonyesha neno (Memo) badala ya majina. Sababu ni kutangaza safu kuwa TEXT. Itangaze VARCHAR(80), au washa dgDisplayMemoText kwenye gridi.

La tatu: RecordCount inasema 10 wakati bidhaa ni 600. TSQLQuery huleta mistari kumikumi kwa kadiri inavyohitajika. Kwa kuhesabu, uliza `select count(*)`.

La nne ndilo linaloaibisha mbele ya mteja. Umeacha Connected na Active zikiwa True wakati wa kubuni, na njia ya faili ni ya diski yako ya D. Kwenye kompyuta ya duka diski hiyo haipo, na programu inakufa kabla dirisha halijaonekana. Zima zote mbili kabla ya kutoa .exe, na uweke DatabaseName ndani ya FormCreate.

Karatasi nyembamba

Printa ya joto ya karatasi ya milimita 80 kwa kawaida huandika herufi 48 kwa mstari, ya 58 huandika 32. Kwa 48, ipe jina herufi 24, idadi 8, kiasi 16. Kwa 32, jina likae mstari wake na idadi na kiasi vikae chini yake, usijaribu kubana. Tuma amri za ESC/POS, lugha ya printa za risiti, moja kwa moja badala ya kuchora ukurasa kupitia mpangilio wa A4, ambao hutoa karatasi ndefu tupu au herufi ndogo zisizosomeka. Kiswahili kinatosha ndani ya herufi za kawaida za ASCII, isipokuwa ile alama iliyopinda, ambayo hutoka kama takataka. Sababu nyingine ya kuigeuza mapema.

Kuipeleka dukani

Zima taarifa za debugger kwenye Project Options kabla ya kutoa toleo la mwisho; .exe hupungua kutoka makumi ya megabaiti hadi chache. Iambatanishe na sqlite3.dll ya biti zilezile na .exe. Ya biti 64 kando ya programu ya biti 32 haitasomwa, na ujumbe utasema maktaba imeshindwa kupakiwa wakati unaliona faili kwa macho yako. Kwa upande wa Python, PyInstaller, inayogeuza msimbo kuwa .exe, lazima iendeshwe kwenye Windows ili itoe programu ya Windows, na ni afadhali folda nzima kuliko faili moja: faili moja hujifungua kwenye folda ya muda kila inapowashwa, inachelewa, na antivairasi huishuku zaidi.

Hifadhidata isikae ndani ya Program Files, ambako mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika. Iweke kwenye folda yako ndani ya C:\ProgramData, na kwenye Inno Setup, zana ya kutengeneza kisakinishi, uipe folda hiyo ruhusa ya users-modify, vinginevyo mfanyakazi wa zamu ya pili mwenye akaunti nyingine ya Windows ataona bidhaa lakini hataweza kuuza.

Nakala ya akiba ifanyike kila jioni kwenye flashi, kwa jina lenye tarehe. Usinakili faili programu ikiwa imefunguliwa. SQLite ina VACUUM INTO tangu toleo 3.27, ila inakataa ikiwa ndani ya muamala, na SQLdb hufungua muamala kila mara, kwa hiyo kwenye Lazarus tumia TSQLite3Backup. Kwenye Python, `backup` ya moduli ya sqlite3 inafanya kazi hiyohiyo. Fungua nakala mara moja kwa wiki kwenye kompyuta nyingine na usome mauzo ya jana, maana flashi nazo hufa kimyakimya.

Mwenye duka akiongeza kaunta ya pili, usimwekee faili la SQLite kwenye folda ya kushirikiana ya mtandao. Ufungaji wa faili (kuwazuia wawili kuliandika kwa wakati mmoja) kupitia mtandao hauaminiki na siku moja litaharibika. Hamia Firebird au PostgreSQL, hifadhidata za seva, kwenye mashine moja yenye UPS, badilisha TSQLite3Connection iwe TIBConnection au TPQConnection, kisha pitia maswali ya SQL moja moja, ukianza na yale ya tarehe na namba za risiti zinazojiongeza.